Kibwana na Wenzake

Ilikuwepo nchi, na ukiniuliza ilikuwepo wapi nitakujibu kuwa mbali, mbali kabisa, huko ambako wewe na mimi hatuna shamba wala shemeji. Iliitwa Jamhuri ya Sadakta. Watu wake walikuwa na shingo nyepesi kwa ajili ya kuitikia. Rais wao akisema neno, taifa zima lilijibu "Sadakta!", hata pale neno lenyewe lilipokuwa chafya.

Siku moja bungeni, mbunge mmoja alisimama akasema kwamba mjini maji ya bomba yanatoka. Mbunge mwingine, aliyekuwa kwenye usingizi mtamu, akazinduka na kuuliza, "Maneno hayo umeyatoa wapi?" Hakuwa na nia mbaya maskini, alidhani yuko nyumbani anasema na mkewe. Lakini Rais alikuwa akitazama kwenye runinga, na swali lile likampendeza hata akarusha mguu. Akaona hiyo ndiyo dawa ya watu wanaosemasema. Kabla ya jua kutua sheria ilikuwa imepitishwa: katika Sadakta, marufuku mtu kusema jambo lolote bila kutaja chanzo chake. Na ili kuwarahisishia wananchi, Rais akajitangaza kuwa yeye ndiye Mtukufu Chanzo Kikuu. Ukiwa huna pa kutoa maneno, unatoa kwake.

Loo, nchi ilinyooka! Muuza samaki hakuweza tena kunadi "Wabichi hawa!" mpaka aongeze "kwa mujibu wa bahari." Bwana harusi aliyesema anampenda bibi harusi alitakiwa alete ushahidi wa mtu mwingine aliyewahi kumpenda mwanamke huyo, na wale waliofaulu kuuleta waliachana hapohapo ukumbini. Hospitalini, aliyekufa kwa njaa hakuweza kuandikwa kuwa amekufa kwa njaa, kwa kuwa hakuna chanzo kilichoidhinishwa kilichowahi kusema kuna njaa. Daktari aliandika kwamba marehemu alishiba vibaya. Ndugu wakazika, wakapangusa machozi, wakasema sadakta.

*

Sasa tumshike Kibwana wetu.

Kibwana Mlekwa alikuwa mhadhiri msaidizi katika Chuo Kikuu cha Taifa, na usaidizi wake ulikuwa umeota mvi. Rika lake lote lilishapata shahada za uzamivu. Mmoja wao alizipata mbili, maana ile ya kwanza alisahau kwamba anayo. Kibwana alikuwa bado anaandika tasnifu yake juu ya kitunguu. Ndiyo, kitunguu. Unacheka nini? Wewe umeandika juu ya nini? Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba mwaka huu ukiisha bila udaktari wake, basi atahamishiwa jikoni, akakitafiti kitunguu kwa karibu zaidi.

Aliyemsomesha ni baba yake, Mzee Mlekwa, mfuga bata wa huko bondeni, nje kidogo ya mji. Zamani bata wake walikuwa wakipita, barabara inafungwa. Wakaondoka mmoja mmoja: huyu ada, huyu kitabu, wale wawili viatu vya kufanyia mtihani. Majirani walipomuuliza, "Mzee, bata wako wameishia wapi?" alijibu bila aibu, "Wako chuo kikuu." Alikuwa na haja moja tu duniani, kusikia jina la Mlekwa likisomwa kwenye kipaza sauti mbele ya watu waliovaa majoho. Aliisema haja hiyo kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na alipokosa mtu aliwaambia bata.

Profesa Makwinya, msimamizi wa Kibwana, aliipokea tasnifu akaipima mkononi.

"Kazi nzuri, kijana wangu," akasema. "Sijaisoma, lakini ina uzito. Kilichobaki ni marejeleo tu. Ipitishe kwenye Kitaja, halafu uje nitie sahihi."

Kitaja ulikuwa mtambo wa serikali wa mtandaoni. Kazi yake ilikuwa kukupangia vyanzo: nani alisema nini, mwaka gani, koma ikae wapi na nukta ikae wapi, mambo ambayo wasomi wa Sadakta walikuwa wakiyagombania mpaka kuvuana mashati. Ulinunuliwa nje, mtumba, na uliletwa kwa shangwe. Kwa kuwa mtambo wa mtandaoni hauna mlango, Waziri alifunga utepe kwenye kioo cha kompyuta, akaukata kwa mkasi mkubwa, kioo kikakwaruzika, na ule mkwaruzo ukawekewa askari wa kuulinda. Kila kilichopita Kitajani kilitumwa nakala kwa Idara ya Usalama wa Marejeleo, ili kisipotee. Wananchi waliambiwa uliitwa Kitaja kwa sababu unataja vyanzo. Kuna waliosema ni kwa sababu unataja watu, lakini hao hawakuwa na chanzo, na siku hizi hawaonekani.

*

Kibwana alijifungia ofisini, akaufungua ukurasa. Kwanza ukamtaka athibitishe kuwa yeye ni binadamu, kwa kuchagua picha zote zenye sura ya Mtukufu Chanzo Kikuu. Akazichagua zote, hata ya twiga, kwani twiga alivishwa fulana ya kampeni. Kisha ukamuuliza anataka mtindo gani: wa Ikulu, wa Kambini au wa Msibani. Akachagua wa Ikulu, ambao huanza na shukrani.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye makala moja aliyoirejelea mara nyingi kuliko zote. Makala hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Msomi hujirejelea mwenyewe kwa sababu akitazama huku na huku haoni mwingine mwenye akili. Ndani yake mlikuwa na sentensi aliyoipenda sana kwa ufupi wake: "Kitunguu kimepanda bei."

Kitaja kikauliza: Jina la kwanza la mwandishi?

Akaandika: Kibwana.

Jina la mwisho?

Hapo ndipo Kibwana alipokwama. Kwao hakuna jina la mwisho. Mtu ana jina lake, nyuma yake la baba, nyuma yake la babu, na akizidi kuulizwa anaendelea kurudi nyuma mpaka muulizaji achoke. Akaandika "Mlekwa." Maandishi mekundu yakatokea: Jina halijakamilika. Akaandika "Mlekwa Tindwa." Halijakamilika. Andika majina yote, ukitenganisha kwa koma. "Ala! Huu mtambo unanitafutia posa?" akanung'unika Kibwana, lakini akatii. Akaandika lake, la baba, la babu na la baba wa babu: Kibwana, Mlekwa, Tindwa, Pazi.

Maandishi yakageuka kijani. Kitaja kikamshukuru, kikazunguka, kikafikiri. Nacho huko kilikotoka kilifundishwa kwamba penye koma pana watu, na waandishi wakiwa wengi humtaji kila mmoja, unamtaja yule wa kwanza, waliobaki unawafunga fungu moja. Basi tasnifu nzima, kuanzia utangulizi mpaka hitimisho, ikajaa maneno haya: Kitunguu kimepanda bei (Kibwana na wenzake).

Kibwana aliyaona. Usiniambie hakuyaona, miwani alikuwa nayo. Aliyasoma mara ya kwanza akashtuka, mara ya pili akatabasamu. Kibwana na wenzake! Lilimkaa vizuri. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na watu nyuma yake, isipokuwa kwenye foleni. Akabonyeza kitufe, akapeleka.

*

Yapasa nikueleze kidogo sheria za wenzetu, uone zilivyo na huruma. Katika Sadakta mtu mmoja akisema neno baya, hayo ni maoni, na adhabu yake ni makofi mawili na onyo. Lakini akisema yeye na wenzake, hiyo ni njama. Na wa kwanza katika njama hupandishwa. Wasadakta hawanyongi mtu, mambo hayo waliyaacha kwa washenzi. Wao humpandisha tu, na akishapandishwa hukaa huko juu mpaka ashushwe.

Kibwana alichukuliwa akiwa katikati ya somo. Wanafunzi walisema sadakta, wakajigawia chaki.

Inspekta Njechele wa Idara ya Usalama wa Marejeleo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, kucha zake kazipaka rangi. Alikuwa na tasnifu mezani, na juu yake sahani ya mihogo.

"Wewe ndiye Kibwana?"

"Ndiye mimi, Afande."

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani, Afande?"

Kofi likatua, mihogo ikaruka. "Hapa pameandikwa Kibwana na wenzake. Kibwana ni wewe. Hao wenzake ni nani, mashemeji zangu?"

"Afande, wallahi sina wenzangu! Hata chai nakunywa peke yangu. Hayo ni majina yangu mwenyewe. Mlekwa ni baba yangu. Tindwa ni baba yake baba. Pazi ni baba yake huyo."

Inspekta akatafuna muhogo. "Kwa hiyo ni ukoo mzima," akasema taratibu. "Mmeanza tangu zama hizo kusema kitunguu kimepanda! Mchuma janga hula na wa kwao. Wahenga, bila tarehe."

"Afande, mtambo umekosea."

Inspekta akainuka akafunga dirisha. Akarudi, akaketi, akampangusa Kibwana jasho kwa kitambaa chake mwenyewe. "Sema tena, baba. Sikukusikia."

"Nimekosea mimi, Afande."

"Sasa tunaelewana. Mtambo ulinunuliwa kwa fedha za kigeni. Wewe ulizaliwa bure."

Serikali haikufanya pupa. Ililetwa hati ya kumwita babu Tindwa shaurini, askari wakaibandika kaburini kwake. Kaburi la Pazi halikujulikana, kwa hiyo hati yake ikabandikwa kwenye kichuguu kilichokuwa jirani na la Tindwa, apate kuambiwa. Mzee Mlekwa, kwa kuwa yu hai, hakuitwa, aliwekwa akiba. Siku kesi ilipotajwa wote wawili hawakutokea. Mahakama ikaandika kwamba wameidharau, na kwamba ukimya wao ni wa watu wanaojua jambo.

*

Baada ya kesi kutajwa, Inspekta Njechele alimfuata Kibwana mahabusu, na kompyuta kwapani. Alikuta mtu amekonda, ndevu zimeota ovyo, anajisemesha. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na alikuwa anayasikia.

"Mimi si katili," Inspekta akasema huku akijivutia kigoda. "Hata mimi nilikuwa na baba. Alipandishwa miaka ile. Basi nimekaa nikakufikiria, nikaona hapa pana kitufe." Akamwonyesha. Kitufe kilisema: Panga Upya Waandishi.

Kibwana akatazama, hakuelewa.

"Sheria inamtaka wa kwanza," Inspekta akaendelea kwa upole. "Wenzake haiwajui. Mwenzake hana jina, na askari wangu hawawezi kumkamata mtu asiye na jina, hawajui kusoma hewa. Ukimtoa Kibwana mbele ukamweka mwingine, wewe unakuwa mwenzake tu. Unakwenda zako. Sasa nani awe mbele? Tindwa na Pazi, tuliwaza. Maiti kupandishwa inaruhusiwa, lakini watazamaji hawafurahi."

"Afande," Kibwana akasema, "baba yangu ni mzee."

"Ndiyo maana."

Kwa haki, nisije nikamsingizia mtu, Kibwana alilia. Alilia kilio cha kweli, kamasi na machozi, akapiga paji la uso ukutani, akasema heri afe yeye, akasema hawezi, hawezi, hawezi, mzee yule alimlea peke yake, alimbeba mgongoni akiwa na surua mpaka zahanati. Inspekta akamngojea, akijipuliza kucha. Kilio kikapungua kidogo kidogo, kikawa kwikwi. Kisha Kibwana akajipangusa, akauliza:

"Na shahada yangu?"

"Ah! Tasnifu si inabaki? Mwenzake naye ni mwandishi. Makwinya nimeshaongea naye." Akaishusha sauti. "Ila mwandishi wa kwanza lazima akubali kwa hiari yake, atie na dole gumba. Hatumlazimishi mtu, Kibwana. Sisi tunayo katiba."

*

Mzee Mlekwa alikuwa akichanganya pumba za bata alipomwona mwanawe anashuka bondeni. Akaitupa ndoo.

"Kibwana! Umetoka? Si nilisema! Si niliwaambia hawa kwamba mwanangu hana kosa, wamechanganya majina tu!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, baba, marahaba. Umekonda! Wanakula nini huko?"

Kibwana akaketi juu ya gogo, akaitoa karatasi mfukoni. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, na sasa yalitoka yamenyooka, kama mhadhara. Alimwambia baba yake kwamba kile kitabu kimekwisha. Kwamba wakubwa wamekisoma wakakipenda. Na kwamba wameona jina linalostahili kutangulia si la Kibwana, ni la Mlekwa.

"Jina langu?" Mzee akauliza. "Kitabuni?"

"La kwanza, baba. Mlekwa na wenzake."

Mzee akageuza ndoo akaikalia. "Lakini mimi sijaandika kitu, Kibwana. Hata hilo jina huwa nalichora."

"Bila wewe kingeandikwa? Nani alinisomesha?"

Hapo hakusema uongo, na kwa kuwa hakusema uongo, uongo wote uliobaki ukapita kirahisi. Mzee alitikisa kichwa, akatikisa tena. "Hapana, mwanangu. Haipendezi. Weka lako mbele, mimi nikae nyuma. Mzazi akimtangulia mtoto kwenye elimu, watu watanicheka. Nyuma panatosha. Hata pasipoonekana."

Basi nakuambia, mlango ulikuwa wazi. Mzee mwenyewe aliufungua. Kibwana alikuwa na nafasi ya kuichukua ile karatasi akaichana, akamwambia, "Sawa, baba, kaa nyuma," akarudi mjini akakitoa kichwa chake mwenyewe. Alifungua mdomo.

"Ukikataa, baba," akasema, "mimi sipati shahada."

"Ala! Mbona husemi?" Mzee akaruka, akamnyoshea dole gumba lililojaa pumba. "Leta, leta! Liweke wino. Ningejuaje kama ni mambo ya shahada? Mama Sijali! Mama Sijali, njoo usikie! Waite na watoto!"

Mama Sijali jirani akaja mbio, kanga moja, na wengine nyuma yake. Dole likapigwa mbele ya mashahidi, na vigelegele vikapigwa juu ya dole. Mzee akamkamata bata jike wa mwisho aliyekuwa bado anataga, akamchinja. Wanaosema kwamba mwenye dhambi hapitiwi na chakula kooni hawajala bata wa Mzee Mlekwa. Kibwana alikula paja, akaongezewa na la pili, na baba yake akamshikia bakuli la mchuzi.

"Kula, baba," mzee akamwambia. "Umekonda mno."

Jioni ile ile Kibwana alikifungua Kitaja, akathibitisha kuwa ni binadamu, akabonyeza Panga Upya Waandishi. Mtambo ukazunguka kidogo, ukamshukuru.

*

Kwa kubana matumizi, mahakama na mahafali vya Sadakta vilitumia ukumbi mmoja na majoho yaleyale, na Jaji Mkuu alikuwa pia Mkuu wa Chuo. Safari hii, kwa kubana zaidi, mambo yote mawili yaliwekwa siku moja. Ukutani palikuwa na kitambaa kikubwa kilichoandikwa HONGERENI WAHITIMU. Karani aliagizwa akiteremshe shauri la jinai litakapoanza, lakini ngazi ilikuwa ikitumika uani.

Kibwana aliitwa mapema. Jaji akamgusa kichwani, akamvika kofia, na tangu dakika ile akawa Daktari Kibwana. Akarudi kwenye kiti chake kati ya wahitimu, mstari wa pili. Alikuwa ameomba awahi kuondoka, akaambiwa kwamba wenzake wa mshtakiwa ni sharti wahudhurie, hata kama hawajulikani.

Mzee Mlekwa akaingia. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la kuazima, na nyuma yake bonde zima limevaa sare, Mama Sijali mbele. Askari wawili walimpandisha kwenye kile kibanda cha mbao chenye ukingo, naye akawashukuru kwa kumpa mahali pa juu ambapo watu wote wanamwona. Akamtafuta mwanawe kwa macho. Alipoiona ile kofia alishindwa kujizuia, akalia papo hapo, anacheka na kulia.

Jaji akagonga meza. "Wewe ndiye Mlekwa, mwandishi wa kwanza?"

"Ndiye mimi, Mheshimiwa!" Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, na jina likavuma ukumbi mzima. Bonde likapiga vigelegele. Jaji akawaachia, kwa kuwa hata yeye alikuwa hajazoea kuona mshtakiwa mwenye furaha.

"Unakubali kwamba maneno haya, kitunguu kimepanda bei, ni yako?"

"Kimepanda, Mheshimiwa, tena sana! Nani asiyejua?"

Ukumbi ukavuta pumzi. Karani akaandika haraka: wenzake ni wengi.

"Una neno la kujitetea?"

Mzee akafikiri. Hakulijua vizuri neno hilo linafanya nini mahali kama hapa, akaona huenda ni desturi ya wasomi kabla ya kupewa zawadi. Akajikohoza. "Mheshimiwa, mimi si mtu wa vitabu. Nasikia vitabu huwa na makosa ndani. Basi kama katika hiki mmeona kosa lolote, liwe dogo, liwe kubwa, ni langu mimi. Huyu kijana msimlaumu. Yeye alikuwa anasoma tu."

Wahitimu wakageuka kumtazama Kibwana. Kibwana alikuwa akikitazama kishada cha kofia yake, kinachoning'inia mbele ya jicho la kulia. Alitaka kusimama. Namtetea kwa hilo: mikono ilikwisha kushika kiti cha mbele. Kisha mtu wa pembeni akamnong'oneza, "Hongera, Daktari," naye akageuka kumshukuru, akajikalia.

Jaji akavaa miwani, akasoma hukumu, kwa mtindo wa Ikulu.

"Mahakama hii, kwa mujibu wa Katiba, jalada la mbele, ikizingatia kitunguu, katika Mlekwa na wenzake, na ikiwa imeelekezwa na Mtukufu Chanzo Kikuu, mawasiliano binafsi, kwa simu, inaamuru kwamba mwandishi wa kwanza, kama hapo juu, apandishwe, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha mwisho, leo, kwa mujibu wa kalenda. Rufaa, haipo, bila tarehe."

"Sadakta!" ukumbi ukaitikia. Bonde nalo likaitikia, kwa kuwa limeona watu waliosoma wameitikia, na Mama Sijali akaanzisha wimbo wa harusi.

Mzee Mlekwa akainama juu ya ule ukingo, akaweka kiganja sikioni, akaita kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kuonekana mshamba.

"Kibwana. Baba. Maneno yamepishana sana, sikuyashika. Wamesemaje?"

Wimbo ukakatika. Jaji akangoja. Inspekta Njechele, aliyekuwa mlangoni, akaacha kujipuliza kucha ili asikie vizuri. Kibwana akasimama. Akaliweka joho lake sawa mabegani, kwanza upande huu, kisha upande ule.

"Wamesema hongera, baba," akasema. "Unapandishwa."

"Alhamdulillahi!" Mzee akasema. Akawapa mikono askari wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akawauliza kama huko ni mbali, maana bata hakuwafungia.

Askari wakamwambia si mbali, ni hapo uani tu.